Damu Safi, Mwili Hauinuki

Mkulima wa alizeti wa Issuna, wilayani Ikungi, akifika zahanati na kulalamika kwamba mwili hauna nguvu, kwanza atatobolewa kidole. Kipimo cha malaria kikitoa mstari mmoja, huenda akaambiwa damu haina kitu, au akapewa dawa ya taifodi kwa kubahatisha. Na miezi sita ikipita, jembe bado limemshinda?

Ugonjwa wa uchovu sugu upo. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitaja dalili zake kuu: uchovu wa zaidi ya miezi sita unaomwondoa mtu kwenye shughuli zake, usingizi usioburudisha, na hali kuzidi baada ya kazi, pamoja na akili kuwa nzito au mwili kushindwa kuhimili kusimama. Hiyo ya kuzidi baada ya kazi ndiyo ya kuishika: anapalilia asubuhi moja, kisha siku kadhaa hatoki kitandani.

Watafiti wameusaka ndani ya damu. Mwaka 2005 timu ya Dundee, Uskoti, ilikuta wagonjwa wana isoprostani nyingi kuliko watu wazima wenye afya. Hayo ni mabaki ya mafuta ya mwilini yaliyoharibiwa na chembe kali za oksijeni ambazo mwili umeshindwa kuzizima. Matokeo hayo nayathamini, maana yanampa nguvu mgonjwa anayeambiwa anajifanya. Lakini hayatoshi kuutambua ugonjwa. Sigara na kisukari navyo hupandisha isoprostani. Malaria nayo huzidisha chembe hizo: kijidudu kinapokula himoglobini, madini ya chuma yanayoachiwa huzizalisha. Selimundu vilevile. Kwa hiyo anayemuuzia mwanakijiji kipimo cha “sumu mwilini” pamoja na vidonge vyake anauza jibu ambalo sayansi bado haina.

Fedha ya zahanati ianzie kwenye himoglobini. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na huo unatibika. Zifuate VVU, kifua kikuu, sukari na tezi ya shingo. Vyote vikiwa safi, mgonjwa asifukuzwe kwa neno “jikaze.” Uingereza, mwongozo wa 2021 wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba, uliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa hawa, kwa kuwa wengi walieleza kuumizwa nayo. Mganga aandike kwenye faili alichosikia: amechoka tangu lini, na kazi gani humwangusha kesho yake.