Msituambie Bunia haina mafundi

Bunia, Ituri. Kuna neno moja ambalo vijana wa mji huu wamelichoka: «Mafundi hapa hakuna.» Linasemwa katika maofisi ya kampuni, ya mashirika, hata ya serikali, kila mara kazi ya ufundi inapotokea. Likishasemwa, kazi inapewa mtu wa mbali, na kijana wa kartie anaitwa kubeba nyaya na kuchimba mashimo. Sisi tunasema neno hilo si kweli. Na hata pale linapokuwa na ukweli kidogo, wanaolisema ndio wanaolifanya liendelee kuwa kweli.

Ndugu msomaji, nawe unayesomewa habari hii kambini, tuanze na jambo lenyewe. Kampuni ikihitaji watu wa kutunza jenereta, mitambo ya jua, minara ya simu, pampu za maji, magari au kompyuta, ina njia tatu. Ya kwanza, inakodi watu kwa kampuni nyingine inayokopesha mikono. Ya pili, inatoa kazi nzima kwa kampuni ya nje ije na mafundi wake. Ya tatu, inaajiri na kufundisha watu wa hapa, na ile sehemu isiyoiweza inaipa kampuni ndogo za hapa. Njia mbili za kwanza wakubwa wanaziita sutretansi. Kila njia ina bei yake, lakini anayelipa bei hiyo si yuleyule.

Tuichukue ile ya kukodi mikono. Tuseme kampuni kubwa inalipa dola 600 kwa mwezi kwa fundi mmoja. Pesa inapita kwa kampuni ya katikati, nayo inabakiza 250. Fundi anapata 350, bila kujua 600 ilikuwepo. Akiumia kazini, kampuni kubwa inasema: «Huyu si mtu wetu.» Ya katikati inasema: «Sisi tulimtuma tu.» Mkataba ukiisha, anarudi nyumbani bila cheti na bila hata karatasi inayosema alifanya nini kwa miaka miwili. Kampuni nayo inapoteza mtu aliyezijua mashine zake, inaletewa mwingine, na inaanza upya. Mwenye faida ya kweli hapo ni mmoja tu, yule wa katikati ambaye hajawahi kushika spana.

Wengine wanaitumia njia hii ili kijana abaki kibarua wa siku maisha yake yote. Hapo sheria imesema wazi. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba mtu wa kulipwa kwa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi 2, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo 2 haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Wangapi kati yenu mmefanya siku 40, siku 50, na mpaka leo mnaitwa «watu wa siku»? Hesabuni siku zenu. Andikeni tarehe kwenye daftari, na jina la aliyewapa kazi.

Njia ya pili, ya kuleta kampuni nzima kutoka Kampala, Goma au Kinshasa, inaonekana safi. Wanakuja na magari na vifaa, wanafunga mtambo, wanapiga picha, wanaondoka. Mtambo unawaka. Tatizo linakuja mwezi wa saba, siku unapozima.

Sisi tunaishi Ituri. Barabara ya kwenda Mahagi inaweza kufungwa na watu wenye silaha kati ya asubuhi na mchana. Ile ya Komanda hadi Mambasa vilevile. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi. Na kabla ya hapo, Machi 2020, wakati wa Korona, Kinshasa ilitengwa na majimbo na mipaka ikafungwa kwa wasafiri. Fundi aliyekuwa Kampala akabaki Kampala, wa Kinshasa akabaki Kinshasa. Kampuni iliyoweka ufundi wake wote mbali inabaki na mashine isiyo na mtu wa kuigusa. Katika mji kama wetu, fundi aliye mbali ni sawa na dawa iliyofungiwa nyumba ya jirani aliyesafiri.

Ndiyo maana tunasema njia ya tatu inafaa kwa mfuko wa kampuni yenyewe. Hatuombi huruma hapa. Kumfundisha mtu kwa miezi sita kunagharimu, hilo tunalikubali. Lakini piga hesabu ya tiketi za ndege, hoteli, posho ya hatari, na siku ambazo mashine imelala ikimsubiri mgeni. Anayefanya hesabu hiyo kwa miaka mitatu, badala ya miezi mitatu, atakuja upande wetu.

Mtasema ni maneno ya radio tu. Basi twende jirani, Haut-Uélé, kwenye mgodi wa dhahabu wa Kibali uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2013. Mgodi ule unapata umeme wake mwingi kutoka mito. Kituo cha Nzoro II kilianza 2014, kikafuata cha Ambarau, kisha Azambi mwaka 2018. Hicho cha Azambi, kampuni yenyewe ilijivunia kwamba kilijengwa na wakandarasi Wakongomani. Hatusemi Kibali hapana malalamiko. Wakaaji wa Durba na Watsa wanayo yao, na wana haki ya kuyasema. Tunasema hivi: kama Mkongomani anaweza kujenga bwawa na kituo cha kutoa megawati 10 katika pembe yetu hii ya nchi, asiambiwe Bunia kwamba hawezi kutunza jenereta ya ofisi.

Na hata kabla ya kwenda mbali, tazameni mjini. Pikipiki zote zinazotubeba zinatengenezwa na nani? Milango ya chuma ya maduka ya bulevadi ilichomelewa na nani? Motopompu na mashine za kusaga mawe kule Mongbwalu, zikiharibika usiku, anaamshwa nani? Ni vijana wa hapa, wengine bila kalamu wala cheti, wanaoisikia mashine kwa sikio na kujua inaumwa wapi. Walichokosa ni mtu wa kuwaonyesha kitabu cha mashine, kanuni za usalama, na kifaa cha kupimia. Kitu hicho kinafundishwa. Hakuna aliyezaliwa nacho, hata huyo anayeshuka kwenye ndege.

Sasa tuseme juu ya ndugu zetu waliokimbia vita. Ituri ina watu zaidi ya milioni moja waliotoka vijijini mwao. Kigonze na kambi nyingine zimejaa watu wa Djugu na Irumu. Mashirika yanapowaandika, yanaandika umri, idadi ya watoto, uzito wa mtoto. Ni nadra mtu kuulizwa: «Ulikuwa unafanya kazi gani kabla ya kukimbia?» Humo mna maseremala, masoni, washonaji, makanika, watu wa kufunga umeme, walimu wa shule za ufundi. Diploma ya mtu iliungua pamoja na nyumba, lakini mkono wake haukuungua. Kampuni inayodai makaratasi matano kwa mtu aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni imeamua tangu mwanzo kwamba haimtaki. Mpeni mashine iliyoharibika na saa mbili. Mtajua kama ni fundi.

Sheria iko wapi katika haya? Iko, na wengi hawaijui. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sutretansi katika sekta binafsi inasema kazi hizo zimewekwa kwa kampuni za mtaji wa Kikongomani, zilizoanzishwa na Wakongomani, zenye makao yao ndani ya nchi. Kama kampuni ya namna hiyo haipatikani, ya kigeni inaweza kuchukuliwa, lakini kwa muda usiozidi miezi 6. Ni marufuku kutoa kwa sutretansi zaidi ya asilimia 40 ya thamani yote ya kandarasi. Na sheria hiyohiyo inazitaka kampuni kuwa na mpango wa kuwafundisha Wakongomani ili wapate ujuzi wa kazi hizo. Serikali iliunda hata mamlaka ya kusimamia jambo hili, ARSP.

Lakini tusidanganyane. Sheria hiyo ina tundu kubwa kwetu sisi. Inamtambua Mkongomani, haimtambui mwenyeji. Tajiri mmoja anaweza kufungua ofisi ya meza moja Kinshasa, akapata kandarasi ya Ituri, akaleta watu wake wote, akabakiza faida yake, na makaratasi yakawa safi. Na ziko kampuni za mfukoni, ambazo Mkongomani ametia sahihi tu na mwenye mali yuko nyuma ya pazia. Kwa kijana wa Mudzipela au Nyakasanza, kuporwa na mtu wa nchi yake hakupunguzi njaa. Kwa hiyo, swali la utaifa likishajibiwa, tuulize na la pili: kandarasi ikiisha, ni nani atabaki Bunia akiwa anajua kazi?

Najua yatakayosemwa kutujibu. La kwanza, usalama: «Hatuwezi kumweka mtu wa hapa kwenye vifaa vya thamani, ataviiba.» Wizi upo kila mahali, na dawa yake ni ghala lenye daftari na mkuu anayekagua. Aliye na mkataba na mshahara wa kila mwezi ana kitu cha kupoteza. Kibarua anayefukuzwa Ijumaa hana.

La pili, haraka: «Mfadhili anataka kazi iishe Desemba.» Vizuri, leteni mtaalamu. Lakini kila mtaalamu mmoja asimame na watu wawili wa hapa kando yake, majina yao yaandikwe ndani ya mkataba, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka hao wawili wazime mtambo na kuuwasha peke yao mbele ya mashahidi.

La tatu ndilo zito zaidi, nasi hatutalikwepa: ukabila. Katika jimbo hili, neno «watu wa hapa» linaweza kugeuka panga. Mkuu mmoja akijaza kabila lake, kesho kampuni inaitwa ya fulani, na kesho kutwa inachomwa. Hilo limewafanya wakubwa wengine wapendelee wageni, wakidhani mgeni hana upande. Lakini kijana anayeona kila kazi inaenda kwa mgeni huku yeye anakaa chini ya mwembe, anasikilizwa haraka na mwenye bunduki anayetafuta watu. Dawa ni uwazi: tangazo libandikwe ukutani na lisomwe redioni, mtihani ufanyike hadharani, matokeo yatundikwe kwa majina na alama. Aliyeshindwa aone ameshindwa kwa nini.

Basi tunadai haya. Kampuni na mashirika ya Bunia: kabla ya kusema mafundi hakuna, tuonyesheni tangazo mlilolibandika na mtihani mlioutoa. Mkitoa sutretansi, toeni kazi yenye mwanzo na mwisho kwa kampuni ndogo za hapa. Msitoe watu kama magunia. Kila mwajiri anapaswa kulipa mchango kwa INPP, taasisi ya taifa ya kuandaa watu kwa kazi. Basi tumieni mlichokilipia, mpeleke watu wakafunzwe.

Serikali ya jimbo na ofisi ya Ukaguzi wa Kazi: mtembelee maeneo ya kazi, sio ofisi zenye viyoyozi tu. Ulizeni vibarua wamefanya siku ngapi. Ombeni kuona mpango wa mafunzo ambao sheria inautaka.

Nanyi vijana, na nyinyi mlioko kambini: msingoje kuitwa mmoja mmoja. Mafundi watano wenye vifaa, karatasi za kampuni ndogo na akaunti ya benki wanaweza kuomba kandarasi. Fundi mmoja mlangoni anaomba tu siku. Wakuu wa kambi waandike orodha ya wenye ufundi, ili siku kampuni itakaposema «hakuna», orodha hiyo iwekwe mezani pake.

Mwenye kutaka kazi ya ufundi idumu Bunia, aiweke mikononi mwa watu watakaolala Bunia usiku huo, barabara ikiwa wazi au imefungwa.