Ruashi: Kungojea pikipiki ya « mwaka ujao » kunakula feza ya wamotari

Kila mwaka unapokaribia mwisho, habari ni ileile kwenye vituo vya wamotari wa komine ya Ruashi, kuanzia Matoleo hadi Bendera. Boxer ya mwaka ujao itakuja na tanki kubwa zaidi. TVS itakuwa na gia mpya. Wachina wataleta ya umeme, isiyokunywa esanse. Nani alisema? Hakuna anayejua. Mara nyingi ni picha iliyopita simu kwa simu, na chini yake mtu ameandika mwaka.

Kutumaini si kosa. Motari anashinda juu ya pikipiki tangu asubuhi hadi usiku, mavumbini na mvuani, na ni haki yake kutaka chombo kilicho bora. Lakini uvumi huu una bei, na anayeilipa si mwenye duka la pikipiki.

Vijana wengi wanaosafirisha abiria hawana pikipiki yao wenyewe. Wanatoa verseman kwa mwenye chombo, na pembeni wanaweka kidogo kidogo ili siku moja wanunue ya kwao. Mfano mdogo: motari anayetoa falanga 15 000 kwa siku, siku 6 kwa juma. Mwezi wa kumi feza ya kununua imetimia, lakini rafiki anamwambia angojee mwezi wa kwanza, kwa sababu modeli mpya iko njiani. Hayo ni majuma 13. Yakipita, falanga 1 170 000 zimeingia katika mfuko wa mtu mwingine. Hakuna tanki kubwa litakalorudisha feza hiyo.

Na mwezi wa kwanza ukifika, kinachotoka katika sanduku ni nini? Mara nyingi ni injini ileile inayopozwa na upepo, vibandiko vipya juu ya tanki, pengine taa ya nyuma iliyobadilishwa sura. Desturi ya kubadilisha modeli kila mwaka ilikuzwa Marekani, miaka ya 1920, wakati General Motors chini ya Alfred Sloan ilipotaka mteja aione gari yake kuwa ya zamani kabla haijachakaa. Harley-Davidson nao wanatoa orodha ya modeli kila mwaka, na wapenzi wa pikipiki zile ndefu za kujistarehesha wanabishana miezi mizima juu ya rangi na ukubwa wa injini. Wana haki yao, kwa wengi wao pikipiki ni furaha ya siku ya mapumziko. Kwa motari wa Ruashi, kutobadilika ndiyo faida. Fundi wa kando ya barabara anaijua injini kwa kuisikiliza tu, na pyese iliyotoka katika pikipiki iliyokufa inaingia katika iliyo hai.

Hata picha zenyewe zinadanganya. Pikipiki ya kiti cha chini na usukani mrefu, inayoitwa « Boxer ya kisasa », yaweza kuwa Bajaj Avenger tu, ambayo Wahindi wanaiendesha kwao tangu mwaka 2005. Ni nzuri kwa macho. Lakini tumbo lake liko karibu na ardhi, na imepangwa kwa mtu aliyenyoosha miguu kwenye lami. Mtu aipakie abiria wawili na mfuko wa makala, aiingize katika mashimo ya Kalukuluku wakati wa mvua, ndipo ataelewa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalipendi. Pikipiki nyingi zinafika Katanga zikiwa ndani ya masanduku, zimefunguliwa vipande, zimeshuka bandarini Dar es Salaam, zikapita Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa. Safari hiyo ni ndefu, na masanduku yanaweza kulala depo muda mrefu. Kwa hiyo « ya 2026 » inayosifiwa dukani yaweza kuwa ilitengenezwa 2024. Mnunuzi asome namba iliyochorwa kwenye chuma cha pikipiki. Ikiwa ina herufi na tarakimu 17, ile ya kumi kwa kawaida ndiyo inayoonyesha mwaka: P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025, T ni 2026. Kuitazama hakulipishwi hata falanga moja, na bei inaweza kushuka palepale.

Kama kuna kitu cha kungojea kweli, ni freni. Huko India, tangu mwezi wa nne 2019, kila pikipiki mpya yenye injini inayozidi 125 lazima iwe na ABS, ile freni isiyoacha gurudumu lifunge na kuteleza. Zenye injini ndogo lazima ziwe na freni za mbele na nyuma zinazoshika pamoja. Sheria hiyo inamlinda Mhindi. Haisafiri pamoja na sanduku linaloletwa Afrika. Viwanda vilevile vinajua kutengeneza chombo kilicho salama, lakini mnunuzi wa huku haulizwi, na yeye mwenyewe anauliza juu ya tanki. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, inakagua bidhaa zinazoingia inchini. Wizara ya uchukuzi ikiandika kwamba pikipiki ya kubeba abiria isiyo na freni za namna hiyo haipiti mpaka, viwanda vitaisoma barua hiyo haraka kuliko vinavyosoma matumaini ya wamotari. Bei itapanda kidogo, ni kweli. Mguu uliovunjika nao una bei yake, na familia nzima inaichangia.

Inabaki ile ya umeme, ambayo si uvumi mtupu. Mjini Kigali, tangu mwezi wa kwanza 2025, pikipiki mpya inayotumia esanse haiandikishwi tena kwa kazi ya kubeba abiria, na wamotari wa kule wanabadilisha betri kwenye vituo, kisha wanaendelea. Watu wa Ruashi wanasema kobalti inatoka chini ya miguu yao, basi pikipiki hizo zingepaswa kufika kwao kwanza na kwa bei ndogo. Machimbo ya Ruashi Mining yanatoa kweli shaba na kobalti. Ila betri nyingi za pikipiki za bei ya chini leo zinatengenezwa kwa chuma na fosfati, bila kobalti hata gramu moja. Shaba bado inahitajika katika mota na nyaya, lakini hilo halimpunguzii bei mtu anayekaa karibu na mgodi. Kigali iliwezekana kwa sababu vituo vya betri vilijengwa na umeme wa kuvilisha ulikuwepo. Lubumbashi, SNEL inakata umeme hata mchana. Muuzaji yeyote atakayeleta pikipiki ya umeme Ruashi aulizwe swali moja kabla ya yote: betri ikiisha Kalukuluku saa mbili usiku, na mtaa mzima uko gizani, motari ataibadilisha wapi?