Kocha wa mazoezi, panga ujumbe wako mbele ya kuonyesha misuli

Fungua TikTok ao statu za WhatsApp asubuhi yoyote hapa Bukavu ao Goma. Utaona kocha wa mazoezi amevua shati, ananyanyua chuma, muziki unapiga kwa nguvu. Kesho yake ni video ileile. Kisha wiki mbili kimya. Halafu inatokea picha ya mama fulani, upande mmoja akiwa mnene, upande mwingine amepunguza kilo.

Siwalaumu vijana hawa. Kazi ni chache, na kufundisha mazoezi ni kazi ya heshima. Lakini wengi wanamaliza mega zao bure bila kupata mteja, na wengine wanaweka wateja wao katika hatari. Kwa maoni yangu, kocha anayetaka kuishi kwa kazi hii anapaswa kupanga ujumbe wake wa wiki nzima, kama vile anavyopanga mazoezi ya mteja.

Ajiulize kwanza: nani anatazama? Ni mama anayekaa kwenye meza yake sokoni Kadutu tangu asubuhi mpaka jioni. Ni motari anayeumwa mgongo. Ni papa ambaye daktari amemwambia kwamba ana tension. Hao hawatafuti misuli ya kocha. Wanauliza: nianzie wapi? Nikila fufu jioni nitanenepa? Kisha kuzaa, ningojee muda gani? Kocha ayaandike maswali haya katika daftari. Maswali 12, kwa jibu moja kila wiki, ni kazi ya karibu miezi mitatu.

Mpango wenyewe si mgumu. Siku ya kwanza, zoezi moja ambalo mtu anaweza kufanya nyumbani bila chombo. Siku ya tatu, jibu la swali moja. Siku ya tano, tangazo lenye saa, mahali na bei, bila kuficha. Video zote zipigwe siku moja, ile ambayo umeme upo na simu imejaa. Ziwe fupi, kwa sababu mtazamaji naye ananunua mega. Maneno makuu yaandikwe juu ya picha, maana wengi wanatazama bila sauti. Na kwa sababu statu ya WhatsApp inatoweka kisha saa 24, jibu linalofaa kudumu liwekwe pia kwenye Facebook ao TikTok.

Mambo ya kufundisha hayakosekani. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Katika mji wa milima kama Bukavu, kupanda kwa miguu haraka mpaka pumzi ibadilike ni mazoezi tayari. Kocha akieleza hilo kwa dakika moja, atakuwa amesaidia hata yule asiye na feza ya kumlipa, na yule mwenye feza atajua kwamba kocha huyu anaijua kazi yake.

Najua jibu la makocha: misuli ndiyo inavutia watu. Ni kweli, inavutia macho. Lakini mtu wa Kinshasa ao Paris anayebonyeza alama ya kupenda hatakuja kulipa mwezi hapa Nyawera. Anayelipa ni jirani aliyekuamini.

Imani hiyo inavunjika haraka. Picha ya mwili wa mteja si mali ya kocha. Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za watu binafsi, na ruhusa ya mwenyewe ni moja ya misingi yake. Kocha aombe ruhusa kwa maandishi, na mteja akibadili mawazo, picha iondolewe. Hata hivyo, picha ikisha kunakiliwa katika makundi ya kanisa na ya mtaa, hairudi tena. Mama huyo ndiye atakayebaki na aibu, si kocha.

Vilevile, kuahidi kupunguza kilo 10 kwa wiki moja ni udanganyifu unaoweza kuumiza. Mwenye tension, mwenye ugonjwa wa sukari na mwenye mimba waambiwe waziwazi wamwone daktari kwanza. Na tangu vita vilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, kuonyesha moja kwa moja mahali kikundi kinapokimbia alfajiri ni kuwatia watu hatarini. Video iwekwe watu wakisha rudi nyumbani.

Sisi watazamaji pia tuna sehemu yetu. Tukiendelea kusambaza video za kifua wazi na kupita ile inayofundisha, makocha watatupa kile tunachokipenda. Mbele ya kumlipa kocha, tusome alichoandika mwezi mzima. Kama hakuna hata jibu moja la swali la mtu, tutafute mwingine.