Gazeti la senti 20 lilipouzwa dola 10

Wiki hii tuongelee mshiko. Wewe unayelia kwamba bando limekata katikati ya habari, hebu vuta kiti nikuhesabie jinsi wenzako walivyokamuliwa.

Tuanzie Marekani, Julai 1980. Gazeti la Columbus Dispatch la Ohio lilianza kusomwa kwenye kompyuta kupitia kampuni ya CompuServe. Mengine yakafuata, likiwemo San Francisco Examiner. Ulikuwa unapiga simu, unaulaza mkono wa simu juu ya modemu, halafu unakodolea macho skrini wakati herufi zinajipanga kama watu wa foleni ya mafuta ya taa. Picha hakuna, katuni hakuna, matangazo hakuna.

Kituo kimoja cha televisheni cha San Francisco kiliionyesha teknolojia hiyo mwaka 1981. Kilisema gazeti zima lilichukua zaidi ya saa mbili kuingia, na kila saa ilikuwa dola 5. Gazeti la karatasi mtaani liliuzwa senti 20. Piga hesabu mwenyewe: kwa dola 10 ungenunua nakala 50, ukasoma moja, zilizobaki ukampelekea mama muuza maandazi!

Sasa vuka bahari uende Ufaransa. Huko shirika la simu liligawa bure vifaa vya Minitel kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980. Magazeti kama Libération yakaingia humo. Bei ya huduma za namba 3615 ilikuwa kama faranga 1 kwa dakika, na bili inakuja pamoja na ya simu. Kwa saa ni faranga 60. Mwaka 1990 hiyo ilikuwa kama dola 11.

Utasema Wafaransa ndio walioliwa. Subiri kwanza, usikimbilie! Modemu ya Mmarekani wa 1981 ilileta herufi 30 kwa sekunde. Minitel ilileta 120. Ukurasa wa herufi 3,600 ulimchukua Mmarekani dakika mbili, yaani senti 17. Mfaransa, kwa kasi kamili, nusu dakika tu, kama senti 9. Saa yake ilikuwa ghali mara mbili, lakini ukurasa ulikuwa nusu bei. Umeona mchezo ulivyo?

Huku kwetu ndiyo kasheshe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashirika yasiyo ya kiserikali ya Nairobi yalipata barua za kompyuta na habari kupitia GreenNet ya London. Kila dakika ilikuwa simu ya nje, na simu ya kutoka Ulaya ilikuwa nafuu kuliko ya kutoka Afrika. Basi ujanja ukawa huu: andika kila kitu laini ikiwa imekatwa, bana mafaili yawe madogo, halafu laini ifunguliwe, mzigo upite, ikatwe fasta. Hakuna kusoma huku mita inatembea!

Wamarekani wao walipumua Desemba 1996, AOL ilipoanza kutoza dola 19.95 kwa mwezi, uchati mpaka uchoke. Kabla ya hapo ilikuwa dola 9.95 kwa saa 5, na kila saa ya ziada dola 2.95. Matokeo yake? Kila mtu akang'ang'ania laini, wengine wakipiga wanakuta bize tu.

Kwa hiyo, mshikaji, ukipita kibandani kuchagua bando, usidanganywe na bei peke yake. Uliza shilingi hiyo inakuletea nini. Zima video zinazojicheza zenyewe, pakua habari mahali penye waifai ya bure, kisha soma taratibu ukiwa kwenye daladala. Wazee wa Nairobi walishaligundua hilo kabla wewe hujazaliwa.

Tukutane wiki ijayo. Na ukimaliza kusoma, mrudishie jirani gazeti lake!