Piano Ijipigayo Yenyewe: Je, Mtoto Atajifunza?

Tuseme wewe ni mzaliwa wa Mfangano uliyekuja Nairobi kutafuta riziki, na mwanao anayelelewa na nyanyake kisiwani ameshikwa na hamu ya kujifunza piano. Umeona dukani piano halisi, yenye nyuzi na nyundo, ila ndani yake mna kompyuta. Mwuzaji anagusa kidude, na mara vibonyezo vinashuka na kupanda vyenyewe kana kwamba jini limeketi kitini. Umeduwaa, na mkono umeshaingia mfukoni. Hebu ngoja kidogo.

Ajabu hiyo si mpya. Mwaka 1895 Mmarekani Edwin Votey alibuni Pianola, mashine iliyoendeshwa kwa miguu na kusoma nyimbo kwenye karatasi yenye matundu. Siku hizi kompyuta imechukua mahali pa karatasi, na piano kama Disklavier ya Yamaha husukuma vibonyezo kwa sumaku za umeme. Ina manufaa, sikatai. Mtoto akipiga, mashine hunasa kila alichogusa, kisha humrudishia makosa yake waziwazi. Aidha, nyundo zinaweza kuzuiwa zisifike kwenye nyuzi, akafanya mazoezi kwa hedifoni bila kumwamsha nyanya. Lakini kutazama vibonyezo vikicheza hakumfunzi mtu kupiga, kama vile kumtazama mvuvi hakukupi samaki.

Shida hasa ni nyuzi. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na nyuma yake ubao mwembamba unaokuza sauti. Ubao huo hunywa unyevu wa hewa ukavimba; hewa ikikauka, hunywea. Sauti nayo hupanda na kushuka. Ndiyo sababu hushauriwa nyuzi zirekebishwe kama mara mbili kwa mwaka. Mpiga nyatiti hukaza nyuzi zake nane mwenyewe kabla ya kuanza, wala hamwiti mtu. Wewe itakubidi umlipie fundi nauli hadi Mbita, kisha avuke ziwa kwa boti, alale, ale, alipwe. Na hiyo piano yenyewe, ya kilo 200 na zaidi, wenye boti utawaambia nini? Ukiiacha bila fundi, mtoto atazoea sauti zilizopotoka, na sikio likishazoea kulirudisha ni kazi.

Mimi ningenunua piano ya umeme isiyo na nyuzi. Iwe na vibonyezo 88, vizito kama vya piano halisi. Vile vyepesi vya vinanda vya kuchezea havimjengei mtoto nguvu ya vidole. Iwe na pedali na tundu la hedifoni, na iweze kurekodi, maana hilo ndilo jambo la maana katika ile ya bei ghali. Kasoro yake ni kwamba umeme ukipotea hunyamaza, ilhali ile ya nyuzi bado hupigika kwa mkono. Basi ulizia inayotumia pia betri, zipo.

Fedha zitakazosalia ni za mwalimu. Pengine mpiga kinanda wa kanisa la jirani atakubali saa moja kwa wiki. Likizoni, akija kwako, kuna Kenya Conservatoire of Music hapa Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1944.

Na siku ya kununua, nenda naye. Mwambie abonyeze kibonyezo kimoja taratibu, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, ondokeni.