KUUZA SI KUKODISHA

Katika miji na vijiji vya Unguja na Pemba, biashara ya diski za filamu na tamthilia inazidi kufifia. Mtu aliyezoea kwenda dukani, akachagua diski yake, akalipa na kurudi nayo nyumbani, leo anaelekezwa kwenye simu: alipe, apakue kipindi, atazame. Mabadiliko haya hayana ubaya kwa dhati yake. Hata hivyo yameleta suala la bei ambalo linastahili kuangaliwa na kila mwananchi na kila mtendaji wa Serikali. Je, kipindi kinachopakuliwa na kipindi kilichomo ndani ya diski ni bidhaa moja, hata vistahili bei moja?

Ili tulielewe suala hili hatuna budi kuitazama Marekani, ambako biashara hiyo ilikomaa mapema. Tarehe 12 Oktoba 2005 kampuni ya Apple ilianza kuuza vipindi vya televisheni katika duka lake la iTunes kwa dola 1.99 kila kipindi. Miongoni mwa vya mwanzo vilikuwa vipindi vya tamthilia ya Lost ya shirika la ABC. Na tufanye hesabu. Msimu wa vipindi 22, ukinunuliwa kimoja kimoja kwa bei hiyo, ulimgharimu mlaji dola 43.78. Kwa kiasi kinachokaribiana na hicho mtu aliweza kupata dukani sanduku la diski za msimu mzima. Lakini picha ya iTunes wakati ule ilikuwa na nukta 320 kwa 240, ilhali picha ya DVD ya Marekani ina nukta 720 kwa 480. Yaani mnunuzi wa kupakua alilipa fedha karibu zile zile, akapewa picha yenye nukta chache mara nne na nusu.

Tuangalie pia nani anabeba gharama. Diski inahitaji kiwanda cha kuichapa, sanduku, karatasi ya jalada, meli, lori, ghala na rafu ya muuza duka, na kila mmoja katika mlolongo huo ana fungu lake. Kipindi kinachopakuliwa hakipandi meli wala hakikai ghalani. Zaidi ya hayo, sehemu ya gharama ya usafirishaji imehamishiwa kwa mnunuzi mwenyewe, kwani ndiye anayenunua kifurushi cha intaneti ili mzigo umfikie. Muuzaji amepunguziwa mzigo, mlaji ameongezewa, na bei imebaki pale pale. Hapo ndipo mlaji mnyonge anapopunjwa bila ya kujua.

Haki hata hivyo inatutaka tuseme na upande wa pili. Gharama kubwa ya tamthilia haimo katika plastiki. Imo katika kazi ya mtunzi, mwigizaji, mpiga picha na fundi wa sauti, na watu hao wanakula na kuvaa kama sisi. Anayedai kuwa kitu kisichoshikika mkononi kiwe bure, huyo hadai haki bali anatetea dhulma ya namna nyingine. Tunachokisema sisi ni kuwa jasho la msanii lilipwe kwa ukamilifu, na gharama ambayo haipo tena isitozwe kana kwamba ingalipo.

Bahati mbaya, wakubwa wa biashara hii wanapogombana juu ya bei, mlaji huwa hana kiti barazani. Mwaka 2007 Apple na shirika la NBC Universal walifarakana. Apple ilidai kuwa NBC inataka bei iongezwe zaidi ya mara mbili, ifike dola 4.99 kwa kipindi. NBC ilikanusha, ikasema kuwa inachotaka ni uhuru wa kupanga bei na kuuza vipindi kwa mafungu. Vipindi vya NBC viliondolewa dukani, na havikurudi hadi Septemba 2008, kukiwa na ngazi tatu za bei: senti 99, dola 1.99 na dola 2.99. Katika mvutano huo wote hoja ilikuwa kiasi cha fedha, na hakuna kati yao aliyelifanya hoja swali la msingi: mnunuzi anapolipa, anamiliki nini?

Kwa upande wa kitu kinachoshikika, swali hilo lilijibiwa zamani. Mchapishaji mmoja wa Marekani aliandika ndani ya riwaya yake kuwa ni marufuku kuiuza chini ya dola moja. Duka la Macy's likaiuza kwa senti 89, na mwaka 1908 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kuwa mchapishaji akishauza nakala hana mamlaka tena juu ya bei ya nakala ile. Ndiyo maana mwenye diski anaweza kuiuza, kumpa jirani au kuwaachia wanawe urithi. Lakini katika kesi ya ReDigi, iliyoamuliwa mwaka 2013 na rufaa yake mwaka 2018, mahakama za huko zilikataa kuitambua biashara ya kuuza tena muziki uliopakuliwa.

Na jambo halikuishia katika kuuza tena. Desemba 2023 wateja wa PlayStation waliokwisha kulipia vipindi vya Discovery waliarifiwa kuwa vingeondolewa katika hifadhi zao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo, kwa sababu ya mikataba baina ya kampuni. Baada ya malalamiko mengi kampuni ya Sony ilitangaza kuwa makubaliano yamerekebishwa na vipindi vitabaki. Vilibaki kwa hisani ya wenye mikataba. Diski iliyomo kabatini haihitaji hisani hiyo.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli tulifundishwa kuwa masheikh wametenganisha milango miwili. Katika bei'i, kitu chenyewe kinahama kutoka miliki ya muuzaji kwenda miliki ya mnunuzi. Katika ijara, kinachohama ni manufaa tu, na sharti muda wake ujulikane. Sasa tuupime muamala huu. Si bei'i, kwa sababu mnunuzi hawezi kuuza wala kurithisha. Wala si ijara iliyotimia, kwa sababu hakuna aliyemwambia muda wake unakwisha lini. Ni ukodishaji usio na muda, unaotozwa kwa bei ya kuuza. Qur'ani ina sura nzima, ya 83, iliyobeba jina la wapunjao vipimo. Na kipimo si pishi na mizani peke yake.

Jimbo la California limekwisha kuchukua hatua. Sheria iliyotiwa saini Septemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inamkataza muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya aina hii bila ya kumweleza mteja waziwazi kuwa anachopata ni leseni. Bidhaa ambayo mteja anaweza kuipakua na kubaki nayo daima haimo katika katazo hilo.

Zanzibar haianzi na mikono mitupu. Tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, tunayo Ofisi ya Hakimiliki, COSOZA, na tunayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Hatuombi kurejeshwa kwa bei zinazopangwa na Serikali, wala msako wa walanguzi kama ule wa mwaka 1983. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila muuzaji wa vipindi aseme kwa Kiswahili, kabla ya kupokea fedha, iwapo anauza au anakodisha, na kama anakodisha, kwa muda gani. Pili, anayekodisha asitoze bei ya anayeuza. Tatu, fungu la msanii lijulikane na limfikie.

Nasi wananchi tujikosoe. Tunapompelekea kijana wa kompyuta flashi zetu atujazie tamthilia kwa fedha kidogo, msanii wa kisiwani hapati hata senti moja. Hatuwezi kudai haki ya mlaji kwa mdomo na kuivunja haki ya mfanyakazi kwa mkono. Lakini njia ya halali nayo iwe wazi na yenye bei ya kweli, ili mwananchi asiyetaka kuiba asilazimike kupunjwa. Atakayelipa bei ya kununua, apewe kitu kiwe chake.