MAFUNDI WA "NUNUA MPYA", MTATUUA!

Wadau, leo niacheni nitoe la moyoni. Jina sitaji, mwenyewe akisoma atajijua.

Mdogo wangu yuko Urambo, ana kisteshenari chake: kutoa kopi, kuprinti, kujazia watu maombi ya mkopo wa chuo. Anatumia laptopu ya mtumba, ina miaka zaidi ya kumi. Siku mbili kabla dirisha la mikopo halijafungwa, ghafla kila tovuti anayofungua inamwambia muunganisho si salama. Na foleni ya madogo iko mlangoni, wengine wametoka huko mashambani kwenye tumbaku kwa bodaboda!

Akampigia fundi wetu maarufu wa Tabora mjini, yule wa wafuasi kibao na miwani ya jua hata usiku. Mashine ikapandishwa basi. Jibu? Eti imepitwa na wakati, mitandao ya sasa haiwezi, nunua mpya. Hajafungua hata skrubu moja. Elfu 20 ya "kuangalia" kachukua. Halafu hiyo "mpya" anayouza ni mtumba mwingine, kaubandika stika tu.

Ugonjwa wenyewe sasa. Kibetri cha saa, kile cha duara kama sarafu, CR2032, kilikuwa kimeisha. Kikiisha, mashine ikikosa umeme tarehe inarudi nyuma miaka. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe zake, kwa hiyo kompyuta inayodhani tuko 2012 inavikataa vyote. Aliyegundua ni dogo wa kwenye foleni, mashine iliporudi: alitazama tu saa pale chini kulia. Kurekebisha tarehe, dakika moja. Bure.

Sitetei kila mkweche, jamani. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazipokei Windows 11. Ukifanyia miamala bila masasisho, unajitafutia. Lakini upo mpango wa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, na Linux haiuzwi. Fundi wa kweli anakwambia hayo kwanza, bei ya laptopu baadaye.

Mashine ilirudi dirisha likiwa limebakiza saa chache. Wengine waliwahi. Binti mmoja alikuwa ameshaondoka jana yake, na simu hana.

Kaka mwenye miwani, elfu 20 irudishe. Namba ya mdogo wangu unayo.